Mpira Haumjii Noé

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Nimedanganya kanisani. Si ndani kabisa. Ukumbini, jana baada ya misa, penye kahawa. Naamini Mungu anatofautisha.

Ilikuwa hivi. Rolande amesimama karibu na meza ya keki, kitambaa cha bluu kichwani, na Mukendi amemzingira kama kawaida yake. Mukendi ndiye kiongozi wa kwaya. Ana sauti nzito, ana koti la ngozi, ana gari lenye viti vinavyopasha moto makalio. Mimi Donatien nina kadi ya tramu na kazi ya kupiga pasi kwenye duka la dobi hapa Saint-Josse, Brussels. Rolande ni mjane wa Bukavu, anahudumia wazee huko Woluwe. Nampenda tangu Pasaka ya mwaka juzi. Hajui. Mambo hayajaiva.

Alikuwa anamzungumzia mwanawe Noé. Kijana huyo ni mchezaji wa kulipwa wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la papai. Kazi yake wanaiita kornabeki, yaani mlinzi wa pembeni. Klabu yake ya Ujerumani haikumwongezea mkataba, kwa hiyo amerudi nyumbani na anafanya mazoezi na timu ya Woluwe asiote kutu. Jumapili ijayo mtu wa klabu nyingine ya Ujerumani atakuja kumpima. Asipomtaka, basi tena. Kijana atabeba makasha ghalani kwa binamu yake, na ndoto imekwisha. Rolande alipofika hapo machozi yalimlengalenga.

Mukendi akasema, eti, mchezo wenyewe ni mieleka tu. Rolande akanuna. Nafasi! Nikajitosa. Nikasema mimi mchezo huo naujua sana, nilifanya kazi na Wamarekani mgodini kule Kolwezi. Ukweli ni kwamba niliwafulia nguo Wamarekani wawili. Mmoja, nilikuja kujua baadaye, alikuwa Mkanada.

Rolande akanigeukia. Mwili mzima! Akaniomba nimpime Noé kabla Mjerumani hajampima, ili tujue kasoro iko wapi. Nikasema ni jambo dogo. Kesho naenda kwake kutazama mechi za mwaka jana kwenye kompyuta. Nimenyoosha shati langu mara mbili.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Nimekaa kwenye kochi la Rolande! Limelegea upande wa kushoto, kwa hiyo mtu anateleza polepole kuelekea alipo yeye. Sikupambana nalo.

Alipika bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwa lao. Aliniuliza kama sisi watu wa Lubumbashi tunavijua. Nikasema tunavijua. Akacheka, akasema tunavijua vikavu, vikiwa vimekwisha kufa mara tatu. Kisha akasema kwao Bukavu jioni unasikia wavuvi wakiimba hata ukiwa jikoni. Nilitaka kumwambia kwamba nami kuna kitu nakikosa. Hapa Brussels mvua inanyesha bila kubisha hodi, na nikifika nyumbani sina mtu wa kumwambia kwamba imenyesha. Badala yake nikasema chumvi imekolea vizuri.

Sasa mechi. Nilikunja uso kitaalamu. Noé anasimama pembeni mwa uwanja, mbele ya mpinzani mmoja, yule wa kupokea mipira. Mchezo ukianza, mpinzani anakimbia mbele, na Noé anakimbia kinyumenyume, kama mtu anayetoka kwa chifu. Kisha anageuka, wanakimbia bega kwa bega. Halafu mpira unatupwa upande mwingine kabisa. Ikarudiwa. Upande mwingine. Mechi nzima! Noé hakuugusa mpira hata kwa bahati mbaya. Tukaweka mechi ya pili. Yale yale.

Rolande alisimamisha picha akanishika mkono. "Unaona, papa Donatien? Banamunyima mupira. Mutoto wangu banamunyima!"

Sikusikia mengine vizuri kwa sababu ya ule mkono.

Niliomba jezi yake ya mechi ya mwisho nikaipeleke mwangani. Hapa ndipo utaalamu wangu wa kweli unapoingia. Nimefua nguo za watu tangu ujana wangu, na uchafu huwa haudanganyi. Kola yasema mtu ana jasho la woga au la kazi. Magoti yasema kama anasali. Jezi ya Noé ilikuwa safi. Nyasi kidogo kwenye kiwiko, basi. Mtu anayecheza anachafuka. Hukumu yangu: miguu mizuri, pumzi nzuri, lakini wenzake na wapinzani wote wameshamwona si kitu. Mpira haumjii. Nikamwambia Rolande, kwa upole, kwamba Mjerumani akiona hivi Jumapili, tumekwisha. Mpira lazima umjie.

Alilia. Alisema asante kwa kusema kweli. Niliondoka nikiwa na furaha nyingi na aibu kidogo.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Nimekwenda Woluwe mazoezini. Noé ni kijana mwenye adabu, aliniita tonton, yaani mjomba, na kunitafutia mahali pakavu pa kukaa. Nikamwambia mama yake amenipa kazi ya kumpima. Akatabasamu, akaniuliza natumia kipimo gani. Nikasema cha kwetu.

Nilimuuliza siri ya ulinzi wa pembeni. Akasema mpokeaji atakutupia macho kulia, atatikisa kichwa kushoto, atafanya kila aina ya ujanja ili upotee. "Tonton, usiangaliye macho. Macho inadanganyaka. Angaliya kiuno tu. Fasi kiuno inaenda, njo muntu anaenda." Yaani kiuno kinakoelekea, ndiko mtu anakokwenda. Tena akasema mrushaji hupenda kujifanya anatupa, halafu hatupi. Ukiruka, umeliwa. Mlinzi mwenye akili haruki.

Maneno mazito! Nimeyaandika hapa ili yasipotee.

Halafu akataka kunieleza kwa nini mpira haumjii. Alianza, kwa kweli, alishafika kwenye "tonton, kornabeki muzuri ni ule..." Nikamkatiza nikamwambia asijisumbue kujitetea, sisi wataalamu tunaelewa. Maskini. Sikutaka ajidhalilishe mbele yangu.

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba

Mukendi amesikia. Huyu mtu ana masikio hata kwenye visigino. Leo ametangaza mfungo wa siku tatu ili mpira umjie Noé.

Tulikusanyika chumba cha nyuma cha saluni ya Maman Émérance, rafiki mkubwa wa Rolande. Akina mama walikaa chini ya yale makofia ya kukaushia nywele. Mukendi aliomba kwa Kifaransa, akaomba kwa Kiswahili, na palipotakiwa nguvu zaidi akaomba kwa Lingala. Seigneur, ule mpira! Uutoe kushoto, uulete kulia! Uvunjwe mkono unaomnyima! Akina mama wakaitikia amina. Nami niliitikia, lakini kwa sauti ya chini. Sala yenyewe ilitokana na hukumu yangu na hakuna aliyenitaja.

Kisha akaweka mkono begani kwa Rolande. Akauacha hapo! Zaburi nzima mkono uko begani.

Nina njaa. Leo kazini nimeunguza suruali ya harusi. Nimelala kitandani nawaza lile kochi lililolegea. Kama mpira ukimjia Noé kwa maombi, sifa ni za Mukendi, na Rolande atakuwa wake kabla ya Noeli. Kwa hiyo mpira lazima umjie kwa juhudi zangu. Nafikiri.

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Siku ya aibu.

Nilimwona Rolande sokoni Flagey na Émérance. Nikaona nijaribu ule ufundi wa Noé, maana mtu akijua anakoelekea mwanamke, anaweza kufika pale kwanza kwa bahati. Nikakaa hatua chache nyuma yake. Macho kwenye kiuno. Kiuno kikasema kushoto. Akaenda kushoto, kwa muuza samaki! Kiuno kikasema kulia. Akaenda kulia, kwa muuza maua! Jambo hili linafanya kazi. Nilifurahi kiasi kwamba aliposimama ghafla mimi sikusimama, nikaingia kwenye meza ya kuku wa kuchoma.

Ndipo Émérance akapaza sauti, soko zima likageuka. "Papa Donatien! Macho yako iko wapi, alors? Mbele ya batu yote, na mufungo juu!"

Nilitaka kueleza ulinzi wa pembeni tangu mwanzo. Kilichotoka mdomoni ni kwamba nilikuwa naangalia kiuno cha Rolande kwa sababu ya mwanawe. Haikusaidia. Rolande alijifunika mdomo kwa ncha ya kitambaa, mabega yakamtetemeka. Kwa hasira, bila shaka.

Émérance alinivuta pembeni akaniambia mficha uchi hazai, mwambie mwenzio unalotaka umalize. Nikamjibu kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama. Akaniangalia toka kichwani mpaka viatuni, akaniuliza simba gani.

Sina tena la kupoteza. Kesho mpira utamjia Noé. Nimeshajua namna.

Jumapili, tarehe 12 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Uwanja tope tupu. Akina mama wa saluni wote wamekuja na miavuli, Mukendi na koti lake la ngozi, na Mjerumani mwenyewe, mrefu, kimya, na kompyuta yake ndani ya mfuko wa plastiki. Wapinzani wametoka Liège. Kabla ya mchezo nilijipenyeza kwa kocha wao. Nikamnong'oneza kwamba yule mlinzi wa pembeni, yule mrefu, ana goti bovu. Na jicho la kushoto halioni vizuri. Wakitupa mipira kwake watafaidika. Akaniuliza mimi ni nani. Nikasema mimi ni daktari wake. Akanishukuru sana.

Mchezo ukaanza. Mpira wa kwanza, kwa Noé! Akina mama wakalipuka haleluya. Na yule mpokeaji wa Liège akaruka, Noé akateleza topeni, jamaa akaudaka akaenda nao mpaka mwisho wa uwanja. Mjerumani akaandika kitu.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nimemuuza mtoto wa Rolande kwa kocha wa Liège, tena bure. Nilimtazama Rolande, midomo yake ilikuwa inaomba peke yake. Nikasema moyoni, Mungu wangu, mpira usimjie tena. Nadhani nilikuwa mtu pekee uwanjani aliyeomba hivyo, na sala za saluni zilinizidi wingi. Ukaja tena. Na tena.

Wa pili aliupiga ngumi ukaanguka. Wa tatu aliupangua kwa vidole. Wa nne, wallahi, alikimbia kinyumenyume, akageuka, hakumtazama mtu usoni, akaruka juu ya yule mpokeaji, akaunyaka mpira na kukimbia nao uwanja mzima mpaka mstari wa mwisho. Miavuli ikarushwa. Baadaye akanyaka mwingine. Jezi haikuonekana rangi kwa tope. Mjerumani alifunga kompyuta yake akaenda kumpa mkono.

Baada ya mechi Noé alimweleza mama yake mbele yetu sote. "Maman, bon, kama mupira haikuyi kwangu, ni kusema banaogopa. Njo kazi yangu. Kornabeki muzuri, batu banamukimbiaka." Yaani mwaka mzima hawakumtupia kwa sababu alikuwa mzuri kupita kiasi! Mjerumani alishalijua hilo siku nyingi. Alibaki na swali moja tu, kama kijana anaweza kudaka endapo siku moja watathubutu. Leo wamethubutu. Noé akakuna kichwa, akasema hajui nani amewadanganya watu wa Liège.

Nilikodolea macho viatu vyangu.

Akina mama walijua nani. Maombi! Mukendi akainua mikono, akasema si mimi, ni Bwana, kwa namna ya mtu anayesema ni mimi. Rolande akamkumbatia. Mbele yangu. Muda mrefu. Mimi nilifanya kila kitu na siwezi kusema hata neno, maana nikisema, ni mimi niliyemwita mwanawe kiwete.

Na bado. Mkataba ni wa Cologne, kule Ujerumani. Dada yake Rolande anaishi huko, ameshamtafutia kazi kwenye nyumba ya wazee. Rolande atahama na mwanawe. Mwisho wa mwezi. Nimemletea mtoto bahati yake na bahati hiyo inamchukua mama.

Jumanne, tarehe 28 Oktoba

Rolande amekuja dukani na ile jezi ya tope. Noé anataka kuondoka nayo ikiwa safi, kwa kumbukumbu.

Aliiweka juu ya meza lakini hakuondoka. Akatazama mvuke wa pasi. Akasema nyumbani kwake ana mashine nzuri ya kufulia, haina shida yoyote. Nikamweleza kwamba mashine za nyumbani haziwezi tope lililokauka, linahitaji kuloweka, kisha brashi laini, kisha maji ya uvuguvugu. Nilieleza kwa kirefu. Akasema kumbe. Akasema Cologne si mbali. Nikasema tope la Ujerumani sijui likoje. Akasimama kidogo tena, akafunga vizuri kitambaa chake, akaenda.

Nimeifua kwa mikono, si kwa mashine. Mkononi ilinukia nyumbani kwao, vitunguu na sabuni ya Rolande, hata chini ya tope lote lile. Nilichelewa kuisuuza. Nampenda mwanamke huyu, nitaandika waziwazi hapa kwa kuwa hapa hakuna mtu.

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba

Kituo cha treni, Gare du Nord. Mukendi hakuja, alikuwa na maombi kwingine, kuna kijana anafanya mtihani wa kuendesha gari. Noé alipandisha masanduku. Rolande akabaki nami kwenye jukwaa. Nilimpa jezi, nimeikunja ndani ya karatasi nyeupe.

Akaniuliza kama nina neno la kumwambia kabla treni haijaondoka.

Nilikuwa nalo! Nikainua macho nikaona yake yamejaa machozi, yananitazama moja kwa moja. Nikakaribia kulisema. Ndipo nikakumbuka fundisho. Usiangalie macho. Macho yanadanganya. Nikaangalia kiuno. Kiuno kilikuwa kimeelekea treni.

Basi. Fasi kiuno kinaenda, ndipo mtu anaenda. Nikamwambia safari njema, na Noé asisahau kuinama chini anapokimbia kinyumenyume. Rolande alisema asante, papa Donatien, kwa sauti ndogo sana. Mlango ukafungwa. Nilisimama pale mpaka mfagiaji akaniomba nisogee.

Nimerudi nyumbani. Mvua imenyesha. Hakuna wa kumwambia.

Jumapili, tarehe 2 Novemba

Ujumbe wa sauti! Kutoka Cologne! Nimeusikiliza tangu misa ilipotoka, betri imekwisha mara moja.

Anasema kocha wa Liège amempigia Noé kumpongeza, akauliza habari za daktari wake. Daktari mfupi, koti la kijani, ananukia sabuni ya dobi. "Donc ni weye! Nilicheka mpaka nikalia. Mukendi alisali, sawa, lakini weye ulienda." Amenisamehe. Anasema hata siku ile ya Flagey alicheka mpaka akaona haya. Anasema hapo Cologne hana mtu wa kucheka naye, dada yake analala mapema. "Dimanche ukuye. Minapika sambaza. Kiti yako iko." Ananialika kwake!

Nimevaa viatu. Nimefika mpaka mlangoni, bila hata kukumbuka kwamba Jumapili aliyoitaja ni ya wiki ijayo.

Halafu nikakaa chini nikapima jambo hili kitaalamu. Siku zote hizi mpira haujawahi kunijia. Leo unanijia mchana kweupe, laini, moja kwa moja kifuani? Hapana. Huu ni ule ujanja alionieleza Noé, wa kujifanya unatupa. Anayeruka analiwa. Mimi siruki! Mwenye akili anakaa mahali pake, anangoja, mpaka watupe kweli.

Lakini kungoja tu hakutoshi. Watu hawatupi mpaka waone udhaifu, hilo nimelithibitisha mwenyewe uwanjani. Kwa hiyo sikumjibu Rolande. Nimepita saluni kwa Émérance. Nimeingia nikichechemea. Nimemwomba aeneze habari, zifike mpaka Cologne, kwamba Donatien ana goti bovu na hawezi kusafiri.

Émérance ameniangalia muda mrefu. Ni huruma, nafikiri. Mpango umeanza vizuri.